Afande na Gemu la Kufa

Jirani yangu wa Mbuya, hapa Kampala, alikuwa na desturi ya kuvua viatu kabla ya kucheza gemu. Aliviacha mlangoni vimekaa sambamba, akaketi kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, mgongo wima, miguu mitupu sakafuni, kontrola ameishika kwa mikono miwili juu ya magoti. Kochi lilikuwepo, tena zuri, lakini lilikuwa la wageni. Mtu anayecheza amejilaza kwenye kochi, alisema, anakufa kizembe.

Mtaa mzima ulimwita Afande, nami sikuwahi kumwita jina jingine. Alikuwa sajenti mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu na mkavu, aliyeingia jeshini akiwa msichana baada ya vita vya mwaka themanini na sita na kutoka akiwa na mvi na goti moja bovu. Mambo yake ya kabla ya hapo siyajui. Nilichokijua vizuri ni namna alivyocheza, kwa sababu kwa karibu mwaka mzima nilikaa ubavuni mwake tukitazama skrini moja, na kama leo bado nasuka nywele za watu na kula jasho langu, mtu wa kumshukuru ni yeye.

Nieleze gemu lenyewe, maana asiyelijua hataelewa kwa nini wanawake wawili wazima waliliheshimu kiasi kile. Wewe ni mwanamke mwenye taa, umeingia katika mji uliomezwa na ziwa. Maji yamepungua, mji umebaki, na waliomo ndani wamepotewa na akili: walinzi wa lango, wapiga makasia, mbwa, na juu kabisa kwenye mnara, jitu linaloitwa Mpiga Kengele. Una upanga, ngao na vichupa vichache vya dawa. Kila adui unayemuua anakuachia makaa ya moto. Makaa hayo unampelekea mama mhunzi aliyeketi kwenye jiko lake, naye anakuongezea nguvu ya mkono au unene wa ngao. Ukiuawa, makaa yote yanabaki pale ulipoanguka. Unaamka kwenye jiko mikono mitupu, na maadui wote wamesharudi mahali pao. Unaweza kurudi kuyafuata makaa yako. Ukifa tena njiani, yamekwenda moja kwa moja.

Ndilo gemu lenyewe. Unakufa, unaamka, unafuata ulichodondosha.

Wengi wanaolijaribu huliacha siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe, nilipomwona Afande akianguka langoni tena na tena mbele ya mlinzi yuleyule, nilidhani mashine imeharibika.

"Mashine mzima," alinijibu bila kugeuza kichwa. "Mimi ndiyo mbovu."

Kila alipokufa alitaja sababu kwa sauti, neno moja tu, kama anayetoa ripoti kwa mkubwa wake. "Haraka." "Tamaa." Tamaa ilikuwa ya pale alipokwisha kumpiga adui vya kutosha akataka kuongeza pigo jingine. "Kiburi" ilikuwa ya adui mdogo aliyemdharau. Siku moja alikufa, akasema, "Maharage," kwa sababu alikuwa amewaza chungu kilichokuwa jikoni. Akasimama, akaenda kukitazama. Kilikuwa kimeungua kweli.

Hilo ndilo alilolipenda zaidi katika gemu lile. Alisema halina uongo. Adui anainua mkono wake kwa namna moja kila siku, anapumua, halafu anashusha. Ukimtazama vya kutosha unamjua.

"Watu ya nje hawako hivyo," alisema. "Mtu nakuonyesha meno, kumbe iko na kisu. Huyu hapa nakuonyesha kisu kwanza."

Alipenda pia kwamba gemu halikuwa na ramani. Ilimbidi mtu akumbuke mwenyewe: ngazi iliyovunjika, ukuta wenye kuvu, kisima. Kuna mlango mmoja uliofungwa ambao tuliupita kwa miezi. Siku moja, baada ya kuzunguka chini kwa chini kwenye mifereji mpaka nikakata tamaa, Afande akavuta mnyororo fulani, mlango ukafunguka, na tulipotoka tukajikuta tumesimama mbele ya mama mhunzi, pale tulipoanzia. Kumbe muda wote ule tulikuwa jirani na nyumbani. Afande aliiweka kontrola chini na kupiga makofi taratibu. Ni mara chache sana nilimwona akimsifu mtu, na mara hiyo alikuwa anamsifu fundi asiyemjua, aliyeuchora mji ule.

Sasa nije kwenye ajali ya mkono wangu.

Nilikuja Kampala kutoka Voi kufuata kazi ya saluni. Wakenya tulikuwa wengi mtaani, na mimi nilisifiwa kwa mistari iliyonyooka. Nilipanga chumba kilichopakana na cha Afande, na kila baada ya wiki mbili nilimsuka. Siku moja ya mvua nilikuwa kwenye bodaboda barabara ya Port Bell, pikipiki ikateleza, nikaangukia kifundo cha mkono wa kulia. Nilifungwa plasta. Plasta ilipotolewa nilikuta mkono si wangu. Vidole vilikuwa vimekauka kama vijiti, na kidole gumba hakikufika hata katikati ya kiganja. Hospitali walinipa mpira mdogo wa kuminya, wakaniambia niminye kila siku. Niliminya, nikalia, nikautupa chini ya kitanda. Mwenye saluni alivumilia, simlaumu, lakini kiti kitupu hakisuki nywele, akamchukua msichana mwingine.

Nikafunga mizigo. Nilikwenda kumuaga Afande mchana, nikamkuta miguu mitupu mbele ya skrini.

"Narudi nyumbani," nikamwambia.

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha mkono. Aliweka kontrola kando, akaushika kwa mikono yake miwili mikubwa, akakikunja kidole kimoja kimoja polepole. Alipofika kwenye gumba nilipiga yowe.

"Iko hai," akasema. "Mfu haipigi kelele."

"Afande, mimi ni msusi. Nitafanya nini na mkono huu?"

Alisogeza kiti chake cha mbao, akavuta stuli, akanionyesha niketi ubavuni kwake. Kisha akaiweka kontrola katikati yetu, nusu kwenye paja lake, nusu kwenye langu.

"Mkono ya kushoto iko mzima?"

"Mzima."

"Wewe tembea. Mimi nitapiga."

Ndivyo tulivyoanza. Mkono wangu wa kushoto ulimwongoza mwanamke mwenye taa, na mkono wake wa kulia ukabonyeza vitufe vya kupiga na kukwepa. Tulikuwa watu wawili katika mwili mmoja, na kwa muda mrefu mwili ule ulikuwa mlevi. Mimi nilikwenda mbele yeye akadhani narudi nyuma. Yeye alipiga, mimi nikawa nimeshageuka, upanga ukagonga ukuta. Tulikufa kwa namna ambazo nadhani hata waliotengeneza gemu hawakuzifikiria. Mara moja niliipeleka taa yetu moja kwa moja ndani ya kisima, na Afande akatoa ripoti yake: "Mukenya."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sikuwa nimecheka tangu siku ya pikipiki. Jioni ile mizigo ilibaki imefungwa, kesho yake nikafungua begi moja kutafuta nguo ya kuvaa, na mengine yakafunguka yenyewe kadiri siku zilivyokwenda.

Hakunihurumia hata kidogo. Baada ya wiki kadhaa alinihamishia kitufe kimoja, kile cha kunywa dawa. "Hii ya kwako sasa," akasema. Ilikuwa kazi ya kidole gumba cha kulia. Kila tulipojeruhiwa ilibidi nikikunje kidole kile kibaya nibonyeze, na nisipobonyeza tulikufa wote. Mpira wa hospitali ulikuwa unaniuma bure. Hapa nilikuwa naumia huku mtu akiningoja. Nilikosa, nilichelewa, nilibonyeza kisichobonyezwa, naye kila mara akarudi mwanzo wa njia bila kunung'unika. Kisha akanipa kitufe cha kukwepa. Kisha cha ngao.

Nisije nikafanya ionekane kwamba alikuwa mtu mpole. Subira yake yote aliimalizia kwenye gemu. Kwa binadamu hakubakiza kitu. Kwenye foleni ya maji aligombana na kila mtu. Kanisani, mahubiri ya padri yakirefuka, aliinuka na kutoka huku goti lake likilia, akasimama nje mpaka waimbe. Marehemu mume wake alikuwa polisi na Mwislamu, na alipokuwa hai, waliniambia majirani, walifunga pamoja Ramadhani na Kwaresima, lakini walikuwa wakigombana kwenye futari na kwenye ugali wa jioni kwa sauti ile ile. Alikataza matusi nyumbani kwake, halafu mbwa wa daraja la kwenye gemu walipomng'ata alitukana Kiacholi, akiamini mimi sielewi. Taarifa ya habari ikionyesha mapigano popote duniani alizima televisheni. Nilimwuliza mbona upanga wa kwenye gemu haumsumbui.

"Hii mtu amechora," akasema. "Ile ya habari, mama yake naangalia."

Kwenye makosa ya gemu pia hakuficha neno. Watu wanaopenda kitu huwa wanakitetea hata pale kisipostahili. Afande aliliponda gemu lake kama askari anavyomsema mkubwa wake mzuri ambaye ana tabia mbaya. La kwanza lilikuwa jicho. Gemu linakuonyesha mambo kwa jicho linaloelea nyuma yako, na ukisukumwa kwenye kona jicho lile linajificha nyuma ya nguzo, unabaki unaangalia mawe huku unachinjwa. "Hapo mimi sijakosa," alisema. "Hapo fundi ndiyo amekosa." La pili lilikuwa kinamasi cha chini ya mji, ambako picha zilikwenda kwa kusuasua kama redio yenye betri dhaifu, na hakukuwa na la kujifunza isipokuwa kuchoka. Sehemu ya mwisho, alisema, ilitengenezwa na watu waliotaka kurudi makwao. Vyumba vilifanana, maadui walikuwa wale wale wa mwanzo waliopakwa rangi nyingine. Na hadithi yenyewe ilifichwa kwenye maandishi madogomadogo ya Kiingereza yaliyobandikwa kwenye pete na funguo. Nilimsomea mimi, nikimgeuzia kwa Kiswahili, naye akasikiliza akiwa amekunja uso.

"Kwa nini hawasemi tu?" aliuliza. "Mtu iko na habari, naweka habari kwa pete. Nani nasoma pete?"

Kosa jingine lilimwingiza mwenye nyumba mpaka ndani. Gemu lile halikuwa na namna ya kusimama. Hata ukifungua mkoba wako, adui anaendelea kukujia. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kiganda, mnene, mwenye heshima zake, na alasiri moja alibisha hodi kwa nguvu kuja kulalamika.

"Afande, kerere ya terevisheni naingia mpaka kwa chumba yangu."

"Nnyabo, ngoja, huyu naniua."

"Nani nakuua?"

Akaingia ili amwone. Tulikuwa mbele ya mpiga makasia mkubwa, mimi na kitufe changu cha dawa, na hakuna aliyeweza kugeuka kumsalimia. Mwenye nyumba alisimama nyuma yetu mikono kiunoni. Baada ya muda nikasikia kochi la wageni likilia.

"Rakini kwa nini huyu mama hana bunduki?" akauliza.

"Hakuna bunduki kwa hii dunia," Afande akamjibu.

"Basi mupige kwa mguu. Nyuma! Afande, nyuma yako!"

Tulikufa. Mwenye nyumba alisonya kwa masikitiko, akaomba maji ya kunywa, akasahau malalamiko yake. Tangu hapo alikuwa akija mara kwa mara, anakaa kwenye kochi, na alitulaumu kwa kila kifo.

Kwa nini mwanamke wa umri ule alikuwa na mashine kama ile, hilo nililijua kidogo kidogo. Ilikuwa ya mwanawe. Kijana alikulia kambini, na kwa kuwa baba na mama walitoka makabila mbalimbali, Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya nyumba yao. Alipomaliza shule, mama alitaka asome kazi ya ofisini. Mwana akajiandikisha kwenda kuwa mlinzi ng'ambo, katika nchi iliyokuwa vitani, kama vijana wengi wa hapa walivyokwenda. Afande alimwambia maneno ambayo alinitajia mara moja tu, macho yake yako kwenye skrini.

"Mimi nilisema, kama wewe naenda kulinda vita ya watu, usirudi kwa nyumba yangu."

Akaenda. Baadaye mwenzake aliyekuwa likizo alileta sanduku: mashine, na ndani yake gemu hili moja. Hakukuwa na barua. Afande aliliweka chini ya meza likiwa na plastiki yake kwa muda mrefu. Kisha akamwita fundi wa televisheni aje aiunganishe mashine.

"Mtoto napenda kitu," alinieleza, "mimi sijui kitu iko nini. Hiyo ni mbaya."

Siku za Jumapili baada ya misa simu ililia. Nilikuwapo mara nyingi, na sauti ya mwana ilisikika chumba kizima kwa sababu Afande alikuwa haamini kusikia kwa sikio moja.

"Mama, umefika wapi?"

"Kwa daraja."

"Lile la mbwa?"

"Iyo iyo."

"Unatumia ngao?"

"Ngao iko mzito. Mimi nangoja wao nakuja."

"Ukingoja sana watakuzunguka."

"Najua."

Afande aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Na wewe," akasema Afande, "huko nalala vizuri?"

"Nalala, mama."

"Nakula?"

"Nakula. Ukivuka daraja, angalia juu. Kuna mwenye upinde."

Hawakuzungumza kingine. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi, na neno la nyumba halikutajwa. Lakini kila Jumapili walihesabiana hatua ndani ya mji ule wa maji, na niliposikiliza vizuri nilielewa kwamba kuulizana "umefika wapi" ilikuwa ndiyo njia yao ya kuulizana kama bado wako hai. Kuna Jumapili simu haikulia. Afande alicheza siku hiyo vibaya kuliko siku zote, alikufa langoni kama mgeni, na hakutaja sababu. Simu ililia Jumatano. Mwana alikuwa mzima, mtandao wa huko ndio uliokuwa umezimwa. Alipoiweka simu chini Afande alikwenda uani akaosha uso, akarudi, akavua viatu.

Tulipoteza kila kitu mara moja. Umeme ulikatika alasiri wakati gemu lilikuwa linahifadhi safari yetu, na uliporudi tulipata maandishi kwamba kumbukumbu imeharibika. Lango, daraja, mifereji, nguvu zote tulizonunua kwa mama mhunzi, vyote vilikuwa vimefutika. Wiki ile ile mtaalamu wa viungo wa hospitali alikuwa ameniambia kwamba gumba langu huenda halitarudi lote. Nilitazama skrini tupu nikaona ndivyo maisha yangu yalivyo.

Afande alivaa viatu vyake, akatoka, akarudi na mkaa, akapika. Tulikula. Kesho yake akaanza upya.

"Afande, tumepoteza kila kitu," nikamwambia.

"Makaa ndiyo imepotea," akasema. "Njia mimi najua."

Alasiri hiyo tulipita lango ambalo mwanzo lilituchukua wiki nzima. Daraja tukalivuka bila hata kunywa dawa. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kontrola, na sikumbuki ni saa ngapi yeye aliutoa wake. Nilipotambua, alikuwa amekunja mikono kifuani, ananitazama tu.

Aliniachia hata Mpiga Kengele. Nilimpigania kwa siku nyingi. Jitu lile linapiga kengele, halafu linashusha nyundo, na ukikwepa mapema linakungoja. Afande alikuwa na neno moja tu ubavuni kwangu: "Bado." Kila nilipotaka kubonyeza, "Bado." Siku lilipoanguka nilikuwa nimelowa jasho, na kidole gumba cha kulia kilikuwa kimekunjwa juu ya kitufe, kimefika kilikotakiwa kufika. Tulikitazama wote wawili.

"Sasa suka mimi," akasema.

Nilianza asubuhi nikamaliza baada ya chakula cha mchana. Mistari ilikwenda kombo kama njia ya mbuzi, upande mmoja minene, mwingine myembamba. Nilimsihi nifumue. Akakataa. Jumapili alivaa gauni lake la bluu, akaenda nayo kanisani kichwa wazi, na waliomuuliza ni nani kamsuka hivyo aliwatajia jina langu na saluni nilikokuwa natafuta kazi. Wengine walikuja kwa udadisi. Nilirudi kazini kwa vichwa hivyo.

Nilijaribu kumshukuru, akanikata maneno kwa kuniuliza bei ya nyanya. Ndivyo alivyokuwa. Lakini kuna alasiri moja ya mvua alinieleza kosa ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko jicho na kinamasi. Tulikuwa tumekufa, mwanamke mwenye taa anaamka tena kwenye jiko, anajikung'uta majivu.

"Hii ndiyo kosa ya gemu," akasema. "Huyu nakufa, narudi. Mtoto naangalia hii, nafikiri ni hivyo. Mimi nilikuwa na watu. Hawakurudi kuchukua kitu yao."

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Basi kwa nini unalicheza, Afande?"

"Kwa sababu ni tamu kuona mtu narudi."

Akasogea mbele kwenye kiti chake, tukaenda kufuata makaa yetu.

Nilihamia Lubaga nilipopata chumba changu mwenyewe cha saluni. Naye baadaye akahama Mbuya, kwa sababu mwanawe alirudi. Nilisikia kwanza kwa mwenye nyumba, aliyenieleza kwamba kijana alisimama mlangoni na begi lake, Afande akamtazama kutoka juu mpaka chini, akamwambia avue viatu. Mwana alikodi nyumba kule Luzira, karibu na bandari, akamchukua mama yake.

Nilikwenda kuwatembelea mwaka jana. Nilimkuta ameketi kivulini mwa ukuta, ziwa linaonekana kwa chini, behewa la mizigo linasukumwa kuingia ferini. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alinijua kwa hatua.

"Mukenya."

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mdogo yangu. Kaa."

Mwanawe alikuwa jikoni, mwanamume mpana mwenye kovu kwenye shavu, anapika mboga ya karanga. Alitoka kunisalimia, akarudi. Ndani niliiona mashine juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichofumwa. Nikamwuliza Afande kama bado wanacheza.

"Mimi sioni. Yeye nasema amechoka na vita." Akainua mabega. "Iko hapo tu."

"Sasa mnaongea nini?"

"Chumvi. Yeye naweka chumvi mingi, mimi nasema, yeye nakasirika. Jana tuligombana mpaka jioni."

Alisema hivyo kwa raha kabisa, kama mtu anayesimulia sherehe. Tukazungumza habari za mwenye nyumba, za saluni, za wasichana wawili niliowaajiri. Kisha nikaona kwamba nisiposema siku hiyo sitasema tena, nikasema haraka kabla hajauliza bei ya kitu.

"Afande, nilikuja kukushukuru. Kwa mkono. Ungeniacha niende Voi siku ile, sijui ningekuwa nani leo."

Nilimngoja anikatize, hakunikatiza. Behewa lilikuwa limeshaingia ferini, watu wanapiga kelele za kufunga minyororo.

"Wewe nafikiri mimi nilikuwa nasaidia wewe," akasema mwishowe. "Siku ile wewe nakuja kuaga, mimi nilikuwa nimemaliza wiki mbili bila kuongea na mtu. Jumapili, simu ya mtoto tu. Halafu hakuna. Wewe nasema naenda nyumbani. Mimi nafikiri, huyu akienda, mimi naongea na nani?"

"Hukusema."

"Ningesema nini?"

Kutoka jikoni mwanawe aliuliza kwa sauti kama mgeni apakuliwe sasa au tungoje ugali upoe. Afande alimjibu kwamba mgeni haulizwi, anapakuliwa. Kisha akanyoosha mkono hewani kunitafuta, nikampa wangu, akainuka kwa kuuegemea mpaka goti lake likanyooka, tukaingia ndani kula.